Ramani iamue, GPS ithibitishe

Kazini kwetu kuna mjadala usioisha. Kila Desemba na kila Pasaka, watu wakianza kupanga safari za kwenda nyumbani, lazima mmoja atasema: "Mimi sihitaji kujua njia, simu inajua." Wengine wanaitikia, mazungumzo yanahamia bei ya mafuta, na jambo lenyewe linaachwa hapo. Leo nataka kulifikisha mwisho, maana kwenye meza ya chai huwa nakatizwa kabla sijafika mbali.

Msimamo wangu ni huu. Kwa safari ndefu, hasa za kwetu kusini mwa Nyanza, yaani kaunti za Migori na Homa Bay, njia ichaguliwe kwa ramani na kwa kuuliza watu. GPS ije baadaye, kuthibitisha kwamba uko pale unapodhani uko. Ukigeuza mpangilio huo, simu ikachagua nawe ukafuata, uamuzi umemwachia mtu asiyejua mvua ilinyesha wapi jana.

Najua wengine mtashangaa. Mimi kazi yangu ni kuandika programu, ndiyo inayonilisha, na nilisomea sayansi ya kompyuta. Mtu kama mimi angetarajiwa kuitetea simu. Lakini mpishi ndiye anayejua kilichomo chunguni, na ni kwa sababu hiyo nasema ninayoyasema.

GPS ni nini hasa?

Watu huita vitu vitatu kwa jina moja la GPS. Kuna kujua mahali ulipo, kuna ramani, na kuna kuchaguliwa njia. Ni vitu tofauti kabisa, na ubora wake pia ni tofauti kabisa.

GPS yenyewe ni ile ya kwanza tu. Ni mfumo wa setilaiti za Marekani, uliokamilika mwaka 1995. Setilaiti zake, ambazo leo zinakaribia 30, huzunguka dunia kwa urefu wa kilomita 20,200 hivi, na kila moja hutangaza saa yake bila kukoma. Simu yako husikiliza, hupima kila tangazo limechelewa kwa kiasi gani, na kutokana na kuchelewa huko hujua umbali wa kila setilaiti. Inahitaji kusikia angalau setilaiti nne: tatu za kupata mahali, na ya nne ya kurekebisha saa ya simu yenyewe, ambayo ni ya bei rahisi. Mawimbi hayo husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kwa hiyo saa ikikosea kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umeshakosea mita 300 ardhini. Na hadi Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiharibu kwa makusudi usahihi wa mawimbi ya raia wa kawaida. Tangu ilipoacha, simu ya mfukoni inaweza kukuweka upande sahihi wa barabara, au karibu na hapo.

Ni kazi ya ajabu na sina neno baya juu yake. Tena haihitaji bando wala mtandao wa simu. Ukiwa ndani kabisa Nyatike mahali ambapo hakuna hata alama moja ya mtandao, setilaiti bado ziko juu na simu bado inajua mahali ulipo.

Kinachokatika ni ramani. Picha ya ramani hutoka kwenye seva vipande vipande kadiri unavyosogea, na bila mtandao unabaki na nukta ya buluu inayoelea juu ya karatasi nyeupe. Hilo mtu anaweza kulitatua kwa kupakua ramani mapema. Tatizo kubwa liko kwenye kitu cha tatu, yaani kuchaguliwa njia.

Programu inachaguaje njia?

Mwaka 1956 Mholanzi mmoja aitwaye Edsger Dijkstra alibuni algoridhimu ya kutafuta njia fupi, akaichapisha mwaka 1959. Kila mwanafunzi wa kompyuta huifanya kwenye mtihani. Programu nyingi za ramani zinatumia kizazi cha algoridhimu hiyo, kilichonolewa ili kiende mbio zaidi.

Inafanya kazi hivi. Barabara zote zinageuzwa kuwa nukta na mistari. Kila njia panda ni nukta, kila kipande cha barabara baina ya njia panda mbili ni mstari, na kila mstari hupewa gharama, kwa kawaida muda wa kuupita. Algoridhimu hujumlisha gharama na kukupa njia yenye jumla ndogo kuliko zote. Hesabu haikosei. Ukiipa gharama za kweli utapata jibu la kweli. Swali ni moja tu: hizo gharama zilitoka wapi?

Tuchukue mfano. Kuna njia mbili za kufika unakokwenda. Ya kwanza ni lami, kilomita 38. Ya pili ni udongo, kilomita 24. Kuhusu hiyo ya pili programu haijui chochote isipokuwa kwamba ipo, basi inaikadiria mwendo wa kilomita 40 kwa saa. Lami inaikadiria 60, kwa sababu ya matuta na vituo vya soko. Piga hesabu: lami dakika 38, udongo dakika 36. Programu inakuambia kwa sauti tamu ukate kushoto, uokoe dakika mbili.

Sasa mvua inyeshe usiku. Kwenye udongo ule gari dogo linakwenda kilomita 10 kwa saa, kama linakwenda. Dakika 36 zimekuwa saa mbili na dakika 24. Algoridhimu haikukosea hata kidogo. Ilipewa namba ya kukisia, ikaifanyia kazi kwa uaminifu, na wewe ukalisoma jibu kana kwamba ni jambo lililopimwa.

Kwa nini nasema Migori na Homa Bay

Angalia ramani ya kwetu. Mji wa Homa Bay uko karibu kaskazini moja kwa moja mwa mji wa Migori, kama kilomita 60 kwa mstari ulionyooka. Lakini barabara ya lami hainyooki hivyo. Inafuata A1 kutoka Migori, inapita Uriri, Awendo na kufika Rongo, ikielekea kaskazini-mashariki. Kutoka Rongo ndipo inageuka kurudi magharibi kupitia Rodi Kopany mpaka ziwani. Kwa jicho la algoridhimu, kona hiyo ya Rongo ni hasara. Ndani ya kona kuna Ndhiwa, na kati ya Awendo na Ndhiwa kuna mistari mingi inayopita kwenye mashamba ya miwa. Picha ya setilaiti inaionyesha vizuri. Kisichoonekana ni kwamba baadhi ya mistari hiyo ilichimbwa na matrekta ya miwa, na trekta hupita mahali ambapo gari lako dogo litaacha chini yake.

Nenda kaskazini-magharibi zaidi ukutane na bonde la Lambwe, kunako mbuga ya Ruma, kilomita za mraba 120, mbuga ya korongo wale wenye pembe zilizopinda nyuma. Udongo wa bonde hilo ni mweusi. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama tofali na umepasuka nyufa. Mvua ikinyesha unakuwa gundi. Ni barabara ileile, kwenye ramani ileile, lakini Februari na Aprili ni barabara mbili tofauti.

Upande wa chini, Nyatike, mto Kuja umeshaungana na mto Migori na kuelekea ziwani, na mafuriko yake huko tambarare si habari mpya kwa mtu yeyote wa huko. Mwenyeji akiona mawingu yamekaa upande wa Kisii anajua maji yatafika kwake hata kama kwake hapajanyesha. Simu haiunganishi mambo hayo mawili.

Kisha kuna majina. Dholuo huita maeneo mengi kwa ukoo: Kanyamwa, Kabuoch, Karachuonyo, Kasipul. Hiyo "Ka" mbele maana yake ni kwa fulani, na "kwa fulani" ni nchi nzima yenye vilima na masoko. Ukiandika jina kama hilo simu inakutupia nukta moja katikati, nawe unaifuata kana kwamba nyama choma inakusubiri pale. Tena kuna tahajia. Mpakani kule wengine wanaandika Isebania, wengine Isibania. Wengine wanaandika Macalder, wengine Makalda. Kwa binadamu ni mahali pamoja. Kwa programu iliyoandikwa kwa haraka ni mahali pawili, na pamoja kati ya hapo hapapo.

"Hiyo simu ilimuuliza nani?"

Haya yote yangekuwa mzaha kama hasara yake ingekuwa dakika chache tu. Nitaeleza kilichoipata familia yetu.

Tulikuwa na mazishi upande wa Karungu, Jumamosi moja ya Aprili miaka michache iliyopita. Shangazi yangu alitoka Kisumu na wenzake sita kwenye gari la kukodi. Dereva alikuwa kijana mpole, mwangalifu, ila si mtu wa huko. Walipofika Homa Bay, barabara inayotumiwa na matatu ni ile ya kupitia Rodi Kopany na Ndhiwa. Programu ya ramani ikamwonyesha nyingine, fupi zaidi, ya kukatia upande wa Lambwe. Kina mama wawili garini walisema hawajawahi kusikia mtu akipitia huko kwenda Karungu. Dereva akawaonyesha mstari wa buluu na muda wa kufika. Nani atabishana na namba?

Usiku kulikuwa kumenyesha. Walikwama kabla ya saa tano. Simu hazikupata mtandao, kwa hiyo sisi huku tulikuwa tukipiga bila majibu, kila mtu na mawazo yake. Vijana wa kijiji cha jirani waliwatoa kwa kamba na ng'ombe, wakakwama tena. Walifika kwetu saa kumi na moja na nusu jioni. Kaburi lilikuwa limefukiwa tangu saa nane.

Aliyezikwa alikuwa kaka yake mkubwa. Kwetu dada ana maneno yake ya kusema kabla udongo haujashuka, na hakuyasema. Hakumgombeza dereva. Alikaa kando ya kaburi, na baadaye akaniita, kwa kuwa mimi ndiye ninayejulikana nyumbani kuwa wa mambo ya kompyuta. Akaniuliza: "Mwanangu, hiyo simu ilimuuliza nani?"

Ni swali bora kuliko mengi niliyoulizwa darasani, na nilimjibu ukweli: haikumuuliza mtu. Mstari ule huenda ulichorwa na mtu aliyekaa mbele ya kompyuta, mbali, akitazama picha iliyopigwa kiangazi. Aliona mstari, akachora mstari. Hakuona udongo. Na hata kama programu inajifunza kutokana na simu zinazopita kwenye njia, simu nyingi zinazopita njia za namna hiyo zimo mifukoni mwa waendesha boda boda. Pikipiki ikipita, programu inaweza kuamini kwamba njia iko wazi.

Karatasi nayo ina kasoro zake

Sitaki mtu aseme ninahubiri karatasi kama dawa ya kila ugonjwa. Ramani ya karatasi huzeeka. Ukipata karatasi ya zamani ya Survey of Kenya utaona imeandikwa South Nyanza, wilaya moja kubwa, ilhali Migori na Homa Bay ni kaunti mbili tangu 2013. Lami nyingi za leo hazimo. Tuta la kuunganisha Mbita na kisiwa cha Rusinga linaweza kuwa halimo kabisa, licha ya daraja lililochukua nafasi yake.

Lakini tazama ni vitu gani vinazeeka. Vinavyobadilika ni barabara na mipaka ya utawala. Mlima Homa uko palepale. Vilima vya Gwassi viko palepale. Mito haijahama kwa kiasi cha kukupoteza. Karatasi ya kipimo cha 1:50,000, ambayo kila aliyefanya Jiografia ya KCSE ameipima kwa uzi, inakupa mistari ya miinuko, vinamasi na vivuko vya mito, vitu ambavyo skrini ndogo huvificha ili ionekane nadhifu. Sentimita mbili ni kilomita moja. Kwa safari nzima karatasi hizo zitakuwa nyingi, basi tumia ya 1:250,000 kwa mpango wa jumla, na ile kubwa kwa sehemu ngumu tu.

Kuna mtego mmoja wa kiufundi ambao nimeona watu wakiingia. Ukisoma namba za mahali kwenye GPS ukazitafuta kwenye karatasi ya zamani, utajikuta umehama kama mita 300, hasa upande wa kaskazini na kusini. Simu haijaharibika wala mchoraji hakulala. Karatasi hizo zilichorwa kwa msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, na GPS inatumia msingi uitwao WGS 84. Ni kama watu wawili wanaopima chumba kimoja wakianzia kona tofauti. Vifaa vingi vya GPS vya mkononi vina mahali pa kuchagua msingi. Mita 300 zinatosha kukuweka ng'ambo ya mto Kuja wakati uko huku.

Faida kubwa ya karatasi kwangu ni kwamba inakulazimisha kuona safari yote kwa pamoja kabla hujaondoka. Skrini inakuonyesha kona inayofuata. Watafiti wa University College London walichapisha mwaka 2017 utafiti wa watu waliopitishwa kwenye mitaa ya Soho, London, kwa picha za kompyuta huku ubongo wao ukipimwa. Walipojitafutia njia wenyewe, hippocampus, sehemu ya ubongo inayohusika na kumbukumbu na kujua mahali, ilichangamka wakiingia mitaa mipya yenye njia nyingi za kuchagua. Walipofuata maagizo ya kifaa, mchangamko huo haukuonekana. Mimi naisoma hivi: anayeongozwa kwa mishale hufika, lakini kesho yake hawezi kukuelekeza.

Ninavyofanya mimi

Hii ndiyo namna yangu. Chukua inayokufaa.

1. Jioni ya kabla ya safari natandaza ramani mezani na kuandika karatasi moja tu: mji, njia panda, upande wa kugeukia, na kilomita kutoka mji uliotangulia. Migori, Uriri, Awendo, Rongo kushoto, Rodi Kopany, Homa Bay. Karatasi hiyo inakaa kwenye dashibodi. Haiishi chaji.

2. Natafuta kuta. Eneo letu lina bahati ya kuzungukwa. Magharibi kuna ziwa, kaskazini kuna ghuba ya Winam, mashariki kuna A1, kusini kuna mpaka wa Tanzania. Ukipotea ndani ya sanduku hilo, shika mashariki. Utaivuka A1 tu, huna pa kuikwepa. Mtu mwenye jambo hili kichwani haogopi giza.

3. Naweka alama za mahali pa mwisho pa mambo muhimu: mafuta, mtandao, lami. Ukikaribia Isebania au Muhuru Bay simu inaweza kushika mtandao wa Tanzania, na bando lako likawa halina kazi au likaisha ghafla. Ramani ya kutumia nje ya mtandao naipakua nikiwa bado mjini.

4. Nauliza, tena nauliza vizuri. Usiulize "hii njia inakwenda Ndhiwa?" Kila mtu atasema ndiyo, kwa adabu, na kweli inakwenda. Uliza "gari dogo limepita hapa tangu mvua ya juzi?" Na umuulize mwenye gari. Mwendesha boda boda atakujibu kwa pikipiki yake, dereva wa lori atakujibu kwa magurudumu yake. Nikipata watu wawili wasiojuana wenye jibu moja, naendelea.

5. Kwa kivuko, nauliza siku hiyohiyo. Kwa miaka mingi feri imekuwa ikivusha magari kati ya Mbita na Luanda K'Otieno, na kwenye skrini inaonekana kama barabara nyingine yoyote. Barabara haina ratiba. Feri inayo.

6. GPS naiwasha, lakini naizima sauti. Kwenye kila njia panda niliyoandika natazama nukta ya buluu: je, niko pale karatasi inaposema niko? Zikikubaliana naenda. Zikikataana nasimama kando ya barabara nione nani amekosea. Mashahidi wawili ni bora kuliko mmoja mwenye sauti tamu.

Msomaji mmoja atasema: mbona kazi nyingi hivyo? Jioni moja, nusu saa. Mwingine atasema GPS humwonyesha foleni za Nairobi. Kweli, na mimi huitumia kwa foleni za Nairobi, kwa sababu huko simu ni maelfu, habari ni za dakika hii, na barabara zote ni lami. Kifaa kinachojua mengi kuhusu Nairobi hakipaswi kuaminiwa kwa kiasi hichohicho kwenye bonde la Lambwe. Sauti yake ni ileile kote, lakini ujuzi wake sivyo.

Kwa wenzangu waandika programu

Hapa ndipo ninapotaka kusema jambo kubwa zaidi. Kasoro iliyomchelewesha shangazi si ya setilaiti, na si ya Dijkstra. Ni ya programu isiyojua kusema "sijui". Ilikuwa na barabara mbili: moja iliyoijua, nyingine iliyoikisia. Ikazichora zote kwa rangi moja na kuziwekea dakika kwa usahihi uleule. Hiyo ni hitilafu, ndugu zangu, hata kama majaribio yote ya programu yamepita.

Kuirekebisha si kazi ya kupeleka roketi mwezini. Kipande kisicho na habari ya aina ya udongo kichorwe kwa nukta nukta. Jumla ya muda iandikwe "dakika 36, au zaidi ya saa mbili kukiwa na mvua". Njia iliyokisiwa isiishinde njia inayojulikana kwa tofauti ya dakika mbili. Msimbo wake ni mistari michache. Kinachohitajika ni mtu mezani anayekumbuka kwamba mwisho wa mstari wa buluu kuna watu wanaosubiriwa.

Na sisi wasafiri tuna letu. OpenStreetMap, ramani huria iliyoanzishwa mwaka 2004, inaruhusu mtu yeyote kuweka aina ya barabara: lami, changarawe au udongo. Mwaka 2009 vijana wa Kibera waliichora Kibera yao humo, mtaa ambao kwenye ramani nyingi ulikuwa doa tupu. Kwa nini Ndhiwa, Nyatike na Suba zisubiri mtu wa mbali atazame picha ya kiangazi? Ukitoka safari, keti dakika kumi, tafuta zile kilomita ulizozipita, andika ni udongo, andika kwamba mvua ikinyesha hazipitiki. Wajua hilo kwa magurudumu yako mwenyewe, na mwingine atakayepita Aprili ijayo atakuwa na mtu aliyeulizwa.

Tangu 2018, kuta za mawe za Thimlich Ohinga kule Migori zimo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Zilipangwa karne nyingi zilizopita bila saruji, na bado zimesimama. Wageni wanaendelea kuja kuziona, wengi wakiwa na simu mkononi. Wakifika njia panda ya mwisho wenye mashaka, watamkuta mtu kando ya barabara anayejua. Washushe kioo wamuulize.